Mgodi, ghala au damu? Saratani ya ini kwa watoto wa Kishapu

Mtoto wa miaka miwili akivimba tumbo wilayani Kishapu, mkoa wa Shinyanga, majibu hufika kabla ya vipimo. Mmoja atasema bandama, mwingine kichocho cha lambo, wa tatu ataelekeza kidole Mwadui, na wa nne atapunguza sauti na kumtaja mtu. Saratani, ikitajwa, hutajwa mwisho, na hapo maswali huongezeka: imetoka wapi, inaambukiza, ina dawa, nani alaumiwe?

Jibu la tatu lina wasikilizaji wengi, na si ajabu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya Ng'wanholo na Nyenze. Upande wa magharibi kuna Kahama na Geita, ambako wachimbaji wadogo huchoma zebaki ili kupata dhahabu. Anayeishi katikati ya migodi ana haki ya kuuliza kilichomo ndani ya maji yake. Hata hivyo swali la mgodi limechanganywa na maswali mengine mawili, la chakula kilichomo ghalani na la virusi vilivyomo katika damu, kiasi kwamba mzazi anayetafuta ukweli huondoka na hofu tatu badala ya jibu moja. Makala haya yanachambua hoja hizo moja baada ya nyingine, yakianza na jambo ambalo wabishani wengi huliruka: umri wa mtoto.

Magonjwa mawili chini ya jina moja

Saratani zinazoanzia ndani ya ini la mtoto ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza, hepatoblastoma, hushika watoto wadogo, wengi wao wakiwa hawajafikisha miaka mitatu. Chanzo chake ni seli za ini changa zilizopaswa kukomaa wakati mimba inakua, zikabaki changa na kuendelea kugawanyika. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana, chini ya gramu 1,500, wako hatarini zaidi, na vivyo hivyo watoto wenye kasoro chache za kurithi. Kwa wengi hakuna sababu yoyote inayopatikana. Mama hakula kitu kibaya, baba hakunywa maji mabaya, na hakuna aliyeambukiza mwenzake.

Ya pili ni saratani ile ile ya seli za ini inayowaua watu wazima. Kwa watoto hujitokeza zaidi baada ya miaka mitano na hasa wanapokaribia kubalehe. Hii ina sababu zinazojulikana, na katika nchi zetu inayoongoza ni homa ya ini aina ya B.

Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa miezi kumi na minane na mzazi wa kijana wa miaka kumi na mitatu wanaweza kupewa neno moja na daktari, kumbe mmoja ana ugonjwa ambao haukuzuilika lakini una tiba nzuri ukiwahiwa, na mwingine ana ugonjwa uliozuilika lakini ambao tiba yake ni dhaifu. Sehemu kubwa ya ubishi wa mitaani ingeisha kama swali la kwanza lingekuwa umri.

Ipo pia hesabu inayofaa kuwekwa mezani mapema. Katika nchi zenye takwimu za kuaminika, hepatoblastoma hupata mtoto mmoja hadi wawili kwa kila watoto milioni moja kwa mwaka. Kishapu ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 300,000 katika sensa ya 2022, karibu nusu yao watoto. Kwa kiwango hicho, wilaya nzima ingepata mtoto mmoja wa hepatoblastoma kila baada ya miaka minne au mitano. Hii ni hesabu ya kukadiria, na saratani ya pili huongeza idadi, lakini inaonyesha ukubwa wa jambo: mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi mpaka astaafu bila kukutana na mgonjwa hata mmoja. Ugumu unaanzia hapo. Ugonjwa adimu unamfikia mtu ambaye kila siku anaona matumbo yaliyovimba kwa sababu nyingine.

Tumbo moja, sababu kumi

Sababu hizo nyingine si za kubeza. Malaria ya kujirudia hukuza bandama. Selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa wake katika nchi inayozaa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, hufanya bandama kujaa damu ghafla. Utapiamlo wa kwashakoo hujaza mafuta kwenye ini, na minyoo nayo hujaza tumbo.

Kichocho kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndicho kinachochanganya watu kuliko vyote. Kile cha tumbo, kinachotawala pembezoni mwa Ziwa Victoria, huacha makovu ndani ya ini, huzuia damu kupita, na mwishowe mgonjwa hutapika damu. Ni ugonjwa mbaya wa ini, lakini haujathibitika kuwa chanzo cha saratani ya ini. Kile cha mkojo, kinachopatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi ya bara kama Kishapu, kina uhusiano uliothibitika na saratani ya kibofu, tena ukubwani. Mtoto mwenye kichocho anahitaji dawa ya prazikwanteli. Familia yake haina haja ya kuogopeshwa kwa saratani ya ini.

Baada ya hapo ndipo zinakuja saratani zenyewe, na hata kati ya hizo ini si la kwanza. Ipo ya figo, ipo ya neva, na ipo limfoma ya Burkitt, ile ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Burkitt hupenda ukanda wetu wa malaria, huvimbisha taya au tumbo, na hukua kwa kasi ya kutisha, lakini pia huyeyuka kwa dawa haraka kuliko karibu saratani yoyote. Kumkosea mtoto wa Burkitt kwa kudhani ana saratani ya ini isiyo na tiba ni kosa la kifo. Ndiyo maana kauli ya "ini limeshaharibika, mrudisheni nyumbani", ikitolewa kabla ya picha na sampuli, haina msingi hata kidogo.

Hoja ya mgodi

Wanaoulaumu mgodi wana nguvu moja ambayo wataalamu huipuuza kwa hasara yao: wameona kwa macho. Bwawa lilibomoka. Zebaki huchomwa kwenye makaa mbele ya watoto, wakati mwingine mama akiwa na mtoto mgongoni. Marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa kwenye mialo, hubaki karibu na visima. Miamba ya ukanda wa dhahabu ina aseniki ya asili, na uchimbaji huitoa chini na kuileta kwenye maji. Hakuna uzushi katika orodha hiyo.

Udhaifu wa hoja ni kwamba sumu hizo hazina tabia moja. Zebaki hushambulia ubongo, neva na figo. Dunia ilijifunza hilo huko Minamata, Japani, mwaka 1956, na mkataba wenye jina la mji huo Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Si ini linaloumia kwanza, na hakuna ushahidi kwamba zebaki huleta saratani ya ini kwa watoto. Sayanaidi huua papo hapo ikizidi, lakini haijulikani kuwa inasababisha saratani. Aseniki ndiyo inayostahili wasiwasi mkubwa zaidi: ni kisababishi cha saratani kilichothibitishwa kwa ngozi, mapafu na kibofu, huku ushahidi kuhusu ini ukiwa hafifu zaidi. Hata hiyo hufanya kazi yake kwa miaka mingi, wakati hepatoblastoma huanza mtoto akiwa bado tumboni.

Kwa Mwadui kuna jambo la ziada. Almasi haitolewi kwa zebaki. Udongo wake husagwa, huoshwa, hutenganishwa kwa uzito katika maji yaliyochanganywa na unga mzito wa madini ya chuma, kisha mawe huchambuliwa kwa eksirei. Tope lililomwagika 2022 liliharibu makazi, mashamba na vyanzo vya maji, na hayo ni madhara yanayodai fidia na ukaguzi. Kuliita tope la saratani ya ini ni kulipa hoja ambayo halina, na siku maabara itakapoonyesha hivyo, malalamiko ya kweli ya wanavijiji yatatupwa pamoja na hiyo ya uongo. Anayetaka mgodi uwajibike angefanya vyema kudai vipimo vya aseniki, risasi na zebaki katika maji kwa ajili ya ubongo, figo na ngozi za watoto. Hiyo ni kesi yenye miguu.

Kwa upande wa Geita na Kahama, jambo ni lile lile kwa uzito mkubwa zaidi. Zebaki iondolewe nyumbani kwa sababu inaharibu akili za watoto. Sababu hiyo inatosha.

Hoja ya ghala

Sumukuvu haionekani, haina harufu, na haifi kwa kuchemshwa. Hutengenezwa na kuvu jamii ya Aspergilasi juu ya mahindi, karanga na mbegu za pamba, hasa mmea ukikabwa na ukame kisha mavuno yakahifadhiwa na unyevu. Kishapu, moja ya wilaya kavu za Shinyanga, ina ukame, mahindi, karanga na pamba kwa pamoja.

Kwamba sumu hii inaua, hakuna wa kubisha Tanzania. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 wakafa mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kenya ilipoteza watu 125 kati ya 317 waliougua mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na wafanyabiashara wengi wakasikia neno sumukuvu kwa mara ya kwanza mpakani, malori yakiwa yamesimama.

Vifo hivyo ni vya sumu nyingi kwa muda mfupi. Saratani hutokana na kidogo kidogo cha kila siku, na hapo ndipo watoto wanapoingia. Uji wa lishe, ule unga uliochanganywa mahindi, karanga, mtama na ulezi, husifiwa kliniki kwa haki, lakini mchanganyiko huo ndiyo njia fupi kabisa ya kumfikishia mtoto wa miezi sita sumukuvu mara mbili kwa siku. Anayelima karanga huuza zilizonona, na zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye madoa hubaki nyumbani, mara nyingi kwenye kinu cha unga wa mtoto. Mashudu ya pamba yanayolishwa ng'ombe yanaweza kuwa na sumu hiyo pia, ikapita hadi kwenye maziwa.

Je, peke yake inatosha kumpa mtoto saratani ya ini? Hapa watetezi wa hoja hii huvuka mipaka. Utafiti uliofanyika Shanghai, Uchina, na matokeo yake kuchapishwa miaka ya mwanzo ya 1990, ulifuatilia wanaume watu wazima. Waliokutwa na dalili za sumukuvu pekee walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya wengine. Wenye virusi vya homa ya ini B pekee, mara 7.3. Wenye vyote viwili, mara 59.4. Takwimu za watu wazima haziwezi kuhamishiwa kwa watoto moja kwa moja, ila mwelekeo wake ni bayana: ghala linaongeza moto uliowashwa na virusi. Na kwa hepatoblastoma ya mtoto mchanga, ushahidi wa kuilaumu sumukuvu haupo.

Gharama ya kutilia chumvi hoja hii hailipwi na wakulima peke yao. Karanga ni protini na mafuta ya bei nafuu katika wilaya ambayo ukame huleta njaa mara kwa mara. Mama akiambiwa "karanga zinaleta saratani" bila maelezo, ataziacha, na mtoto atabaki na uji wa mahindi matupu. Udumavu utamfikia mapema kuliko saratani yoyote. Ushauri unaofaa ni wa kazi za mikono: kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kutolowanisha karanga ili zibanguke upesi, kuchambua na kutupa mbovu (na kutupa maana yake si kuwapa kuku wala kupikia pombe), kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Kuchambua peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu hukaa katika punje chache zilizoharibika sana. Mtama, ambao wazee wa Kisukuma waliuzoea kabla mahindi hayajatawala, nao huathirika kidogo kuliko mahindi na hustahimili ukame. Katika hili kilimo na afya vinataka kitu kimoja, jambo lisilotokea mara nyingi.

Hoja ya damu

Tukija kwenye homa ya ini B, ushahidi unabadilika sura. Taiwan ilianza chanjo ya watoto wachanga mwaka 1984. Kabla chanjo haijaonyesha matokeo, kati ya 1981 na 1986, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa 0.70 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kati ya 1990 na 1994 ilishuka hadi 0.36. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chanjo kuonekana ikipunguza saratani ya binadamu, na waliopona hatari hiyo walikuwa watoto. Si hoja ya mgodi wala ya ghala iliyo na ushahidi wa namna hii.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya virusi hivi mwaka 2002, na tangu 2009 chanjo hiyo imo ndani ya ile ya magonjwa matano, ambayo akina mama huijua kliniki kwa jina la Penta. Hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliozaliwa kabla ya 2002, yaani wengi wa wazazi wa leo, hawakupata. Ndiyo maana virusi bado vinazunguka katika nyumba zenye watoto waliochanjwa.

Ubishi uko katika wiki sita za mwanzo. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki na virusi maisha yake yote. Mtu mzima akiambukizwa, uwezekano huo ni chini ya asilimia 5. Shirika la Afya Duniani tangu 2009 limeshauri kila mtoto apate dozi ndani ya saa 24 za kwanza. Ratiba inayoanza wiki ya sita inamlinda mtoto dhidi ya dada, kaka na wembe wa jirani, lakini inamfikia akiwa amechelewa kama mama yake ndiye mwenye virusi.

Wanaopinga haraka ya dozi ya kuzaliwa wana hoja ya kweli. Afrika si Taiwan: akina mama wenye virusi vinavyoambukiza kwa nguvu ni wachache kuliko Asia ya Mashariki, na sehemu kubwa ya maambukizi ya watoto wetu hutokea baadaye, nyumbani, kupitia vidonda, kutoga masikio na kuchanja chale kwa wembe mmoja. Hayo Penta inayazuia. Kuongeza dozi ni kuongeza chanjo ya peke yake kwenye friji, mafunzo kwa wakunga, na swali la anayejifungulia nyumbani. Hata hivyo hoja hii inahesabu vichwa na kusahau uzito. Walioambukizwa siku ya kuzaliwa ni wachache zaidi, lakini ndio hasa watakaobaki na virusi, na ndio watakaokuwa na miaka mingi zaidi ya kuharibiwa ini. Kwa saratani inayomkuta mtu akiwa na miaka kumi na miwili, kundi hilo ndilo lenye mzigo.

Njia ya pili ni kumpima mjamzito na kumpa dawa ya tenofovir, ambayo Tanzania inaifahamu vizuri kwa sababu imo katika dawa za virusi vya Ukimwi. Inafaa, lakini inategemea kipimo kuwepo kliniki kila siku, na haichukui nafasi ya dozi.

Jibu linalosemwa kwa sauti ya chini

Uchawi haustahili kurasa nyingi hapa, ila kuuruka kabisa kungekuwa unafiki. Shinyanga inakumbuka vikongwe waliouawa kwa kutuhumiwa, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na samadi. Ugonjwa usio na maelezo una bei, na bei hiyo hulipwa na mtu asiyehusika. Hepatoblastoma, isiyo na sababu ya kuonyesha, ndiyo hatari zaidi kwa maana hii. Mhudumu wa afya anayesema "hatujui, ni Mungu" anaacha nafasi wazi. Anayesema "seli zilikosea kukomaa mimba ilipokuwa inakua, hakuna aliyefanya hivi" anaiziba. Waganga wa tiba asili nao wana sehemu yao. Baadhi ya mimea ina sumu zinazoziba mishipa midogo ya ini na kujaza maji tumboni, na chale za kutibu uvimbe zinaweza kupeleka virusi vya homa ya ini kwa mtoto ambaye hakuwa navyo.

Ugonjwa ukishaingia: madhara na tiba

Mara nyingi uvimbe wa ini hauumi mwanzoni. Mama huugusa wakati wa kumwogesha mtoto, upande wa kulia chini ya mbavu. Baadaye hamu ya kula hupungua, mikono hukonda, na hapa mizani ya kliniki inaweza kudanganya: uvimbe una uzito wake, hivyo kadi huonyesha mtoto anaongezeka huku mwili ukipungua. Utepe wa kupima mkono haudanganywi. Kadi inayopanda na mkono unaopungua ni dalili ya kumpigia mtoto altrasaundi siku hiyo hiyo.

Madhara makubwa yanayofuata ni damu, maji na pumzi. Uvimbe unaweza kupasuka na kuvuja damu tumboni, mtoto akapauka ndani ya saa chache. Mishipa ya ini ikibanwa, maji hujaa tumboni na mishipa ya koo hutanuka hadi kupasuka. Njia za nyongo zikizibwa, macho huwa ya njano na mwili kuwasha. Saratani ikisafiri huenda kwanza mapafuni. Hepatoblastoma mara chache hutoa homoni, na mtoto wa kiume wa miaka miwili akaanza kuota nywele za kubalehe. Ni dalili adimu, lakini imewahi kuzua hadithi za ajabu mahali pengi.

Katika tiba ndipo tofauti ya magonjwa mawili inapouma. Mwaka 2009 kundi la wataalamu la SIOPEL lilichapisha matokeo kwamba watoto wenye hepatoblastoma ya hatari ya kawaida waliotibiwa kwa sisplatini peke yake walipona sawa na waliopewa dawa mbili. Miaka mitatu baadaye zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai. Sisplatini ni dawa ya zamani, ya bei ya wastani, na imo katika orodha ya dawa muhimu. Hupewa kwanza ili uvimbe usinyae, kisha daktari mpasuaji hukata sehemu yenye ugonjwa, na ini lililobaki humea tena. Kwa saratani ya pili dawa hiyo haifanyi kazi ya kutosha. Tumaini lake ni upasuaji, na wengi hufika hospitali upasuaji ukiwa umeshindikana. Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017, lakini familia inayotafuta ini bado huelekezwa nje, hasa India.

Sisplatini ina bei nyingine: masikio. Watoto wengi hupoteza uwezo wa kusikia sauti za juu, na mtoto wa miaka miwili anayepoteza sauti hizo hupoteza pia sehemu ya lugha. Mwaka 2018 SIOPEL ilionyesha kwamba chumvi iitwayo sodiamu thiosalfeti, ikitolewa saa sita baada ya dawa, ilipunguza tatizo hilo kutoka asilimia 63 hadi 33 bila kuathiri kupona. Figo nazo zinahitaji maji mengi ya mshipani, na mtoto mwenye utapiamlo huvumilia haya yote kwa shida. Kumlisha wiki mbili kabla ya dozi ya kwanza au kuanza mara moja kabla uvimbe haujapasuka: hilo madaktari huliamua kitandani, hakuna kitabu kinachoweza kuwaamulia.

Mvutano mwingine ni sampuli. Kuchukua kipande cha ini kuna hatari ya damu, na majibu ya patholojia yanaweza kuchelewa. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitatu, picha na kiwango kikubwa sana cha protini ya AFP katika damu vilikubaliwa kwa miaka kuwa vinatosha kuanza dawa. Siku hizi mwongozo wa nchi tajiri unataka sampuli kwa kila mtoto. Kwa mtoto wa Kishapu anayetibiwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 150 kutoka nyumbani, njia ya zamani ina utetezi wa haki pale sampuli itakapochelewesha tiba. Ila si kwa mtoto mwenye dalili za Burkitt, na si kwa mchanga wa chini ya miezi sita, ambaye protini hiyo huwa juu hata akiwa mzima.

Kwa yule ambaye hawezi kupona, kazi ya hospitali haijaisha. Uganda imekuwa ikitumia morfini ya kunywa tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993, na mtoto mwenye maumivu ya ini anaihitaji sawa na mtu mzima.

Fedha ziende wapi

Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataka angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030, na umechagua saratani sita za kuanzia. Ini halimo. Ni uamuzi unaoeleweka, kwa sababu Burkitt na saratani ya damu zina watoto wengi zaidi. Kwa halmashauri ya Kishapu maana yake ni kwamba hakuna mtu atakayeleta mradi wa saratani ya ini, na pengine haifai uletwe. Kinachofaa ni kuongeza kidogo juu ya vitu vilivyopo tayari.

Kwa maoni ya makala haya, dozi ya homa ya ini B siku ya kuzaliwa inashika nafasi ya kwanza, mbele kwa mbali. Inazuia saratani ambayo hatuna uwezo wa kuitibu, na faida yake inaendelea hadi utu uzima. Ghala linafuata, na hapo fedha za kilimo na lishe zinatosha kufanya kazi ya afya bila bajeti mpya. Baada ya hayo ni mkono wa mhudumu juu ya tumbo la mtoto anapopimwa uzito, altrasaundi inayofanya kazi wilayani, na nauli ya kufika Mwanza, kwa ajili ya mtoto wa hepatoblastoma na wale wengi zaidi wa Burkitt na figo watakaonufaika na njia hiyo hiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itapimwa na nauli hizo na kitanda cha mama kuliko bei ya dawa, kwa kuwa wengi huacha tiba katikati msimu wa kulima unapofika. Upimaji wa maji ya migodi uendelee kwa hoja zake wenyewe, nje ya orodha hii.

Kinachobaki kigumu ni mama anayejifungulia nyumbani usiku, mbali na lami, masika yakiwa yamekata barabara. Chanjo ya homa ya ini B huvumilia joto kuliko nyingi, na nchi kadhaa zimeruhusu itolewe nje ya friji kwa siku chache katika mazingira kama hayo. Kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Kishapu wangeruhusiwa na kufunzwa kuibeba, saa 24 zingewezekana kwa wengi wa watoto hao. Kama wataalamu wataona sindano isitolewe na asiye muuguzi, basi itabidi ithibitishwe kwamba muuguzi anaweza kufika kijijini kabla ya saa hizo kuisha.